Mkebe wa Halua

Kipande cha nyama ya mkono wa Twaha,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
kimelala juu ya kioo. Kioo kimefungwa pamba,
pamba imo mkebeni, mkebe wa halua ya Idi iliyopita.
Kila nikiufungua, iliki hunikaribisha kwanza,
kabla ya habari.

Jina la ugonjwa nililiandika kiganjani kwa kalamu
nikalipoteza nikiosha vyombo.
Saratani, basi. Ya minofuni, si ya watu wengi.
"Miaka ishirini na mmoja," alisema daktari wa hapa kisiwani,
"nimeiona mara nne." Akainua vidole vinne,
nami nikavitazama vile vidole
kana kwamba vina majina.

Huyo akasema: tukate. Juu ya kiwiko, mapema,
kabla haijajua njia ya mapafuni.
Hapa kwetu ndivyo tufanyavyo.

Tukapanda treni Miritini, mkebe mapajani mwangu.
Nairobi wanakaa madaktari tisa mezani, kila Jumatano,
na picha ya mkono wake ukutani, kubwa kama mlango.
Wakasema: mionzi kwanza, wiki tano,
kisha kisu kidogo, mkono ubaki.
Wiki tano tutalala kwa nani, hawakuuliza.
Hapa kwetu ndivyo tufanyavyo.

Shemeji Nassoro akatuma picha Bara Hindi kwa simu.
Jibu likaja usiku, bei chini yake:
dawa ya mshipa, duru nne, halafu tutaona.
Kwetu, ndivyo.

Khalati Mwanatumu akaja kutoka Kuze na kikapu cha mahamri.
Penye wengi pana mengi, akasema,
swalini istikhara, mtaonyeshwa.
Nikaswali.
Nikaota friji.

Twaha alicheka hata akaushika ule mkono.
Ni fundi wa majokofu, kibanda chake Majengo,
na waya za watu zimejaa hadi chini ya kitanda chetu.
"Friji ikilia usiku, ukaita mafundi watatu,
wa kwanza atasema gesi, wa pili mota,
wa tatu: isogezeni tu, imegusa ukuta.
Na mimi ni mmoja wao, Rukiya.
Aina niliyoizoea naifungua kimya kimya.
Nisiyoijua, hiyo ndiyo ninayoisemea kwa sauti."

Sikumwambia wakati ule
kwamba kule Nairobi, alipokwenda msalani,
daktari kijana alinifuata hadi kwenye ngazi,
Wanjala, kitambulisho chake kimegeuka nyuma mbele.
"Mama, mezani tulikuwa watano kwa wanne.
Barua haitasema hivyo."

Barua ina sahihi moja chini yake.
Neno hilo kwetu lina maana mbili,
na usiku ule nilizipima zote mbili
gizani, kama mtu anayepima shilingi kwa ulimi.

Nilimwuliza, wewe ulikuwa upande gani?
Akakaa kimya. Twaha akatokea, mikono ina maji.
Kijana akautazama mkono wenyewe, si picha,
akauliza: bisibisi unaishika kwa upi?

Nyumba tatu, na yeye ndiye wa kwanza kuuliza.

Jumapili tunapanda treni tena. Ni mionzi.
Daktari wa kisiwani nilimpelekea habari mwenyewe.
Hakukasirika. Alisema huenda wamesema kweli,
na huenda mimi ndiye niliyesema kweli, na wale wanne wangu
wawili wako hai,
mmoja kati ya hao ana mikono yote,
sasa nikupe hesabu gani?
Akaniandikia nambari yake ya nyumbani.

Usiku namsikia Twaha sebuleni.
Amefungua redio ya marehemu baba yake
na anairudishia skrubu kwa mkono wa kushoto.
Zinaanguka. Zinabingirika sakafuni hadi mlangoni kwangu.
Nazihesabu zikianguka, siendi kumsaidia.
Saba. Kisha kimya kirefu.
Kisha ya nane.